Giaboksi ya auto inapopiga kofi: maswali tunayoulizwa kila mara kuhusu presha ya oili

Gereji yetu iko upande wa Kongowea, na simu zinazoingia kabla ya saa 3 asubuhi karibu zote zinafanana: "Fundi, gari lapiga ninapoingiza D," yaani gia inaingia kwa kishindo. Baada ya hapo swali la pili huwa ni bei ya giaboksi ya mtumba. Ukurasa huu tumeuandika ili swali hilo la pili lichelewe kidogo. Giaboksi nyingi zinazotolewa magarini hapa Mombasa na kutupwa hazikuwa zimekufa. Zilikosa presha, au zilizidiwa nayo, na hakuna aliyepima.

Presha ya oili inafanya kazi gani ndani ya giaboksi ya auto?

Kwenye gari la manyuali, klachi inakanyagwa na mguu wako. Kwenye auto, oili imechukua nafasi ya mguu huo. Ndani mna klachi kadhaa, na kila klachi ni rundo la sahani nyembamba: moja ya chuma kitupu, inayofuata imebandikwa karatasi ngumu ya msuguano, hivyo hivyo hadi mwisho wa rundo. Zikiachwa huru, kila sahani inazunguka kivyake. Zikibanwa, zinakuwa kitu kimoja na gia imeingia. Anayezibana ni pistoni, na anayeisukuma pistoni ni oili.

Piga hesabu uone. Pistoni yenye eneo la sentimita mraba 80 ikisukumwa na oili yenye presha ya kilo 5 kwa kila sentimita mraba, yaani psi 70 hivi, inazibana sahani kwa kilo 400. Ukikanyaga mafuta na presha ikapanda hadi kilo 12, sahani zile zinabanwa kwa kilo 960. Huo ni karibu uzito wa Probox nzima juu ya rundo la sahani linaloenea viganjani. Presha ikipungua, sahani zinateleza na karatasi inaungua. Ikizidi wakati wa kuingia, gia inaingia kwa kishindo na abiria wa nyuma anauliza kama umegonga kitu.

Presha hiyo ni kiasi gani hasa?

Tairi la gari dogo unalijaza psi 30 hivi. Toyota nyingi ndogo za gia 4, injini ikinguruma polepole na D imeingia, huonyesha psi 55 hadi 70. Mafuta yakikanyagwa hadi mwisho huku breki imeshikwa, inapanda hadi 130, 150, hata 180, kutegemea giaboksi. Rivasi huwa juu zaidi, mara 1.5 hadi karibu mara 2 ya D, na nyingine zinapita psi 250. Kwa hiyo ukimwona fundi anachomeka geji ya tairi kwenye giaboksi, chukua ufunguo wako uondoke.

Namba kamili ni za kila modeli, ziko kwenye kitabu cha mtengenezaji. Hizi tulizotaja ni za kukupa picha tu.

Nani anaamua presha iwe kiasi gani?

Kwanza kuna pampu, iliyokaa mbele ya giaboksi na kuzungushwa na injini kupitia konvata, ile ngoma ya oili inayounganisha injini na giaboksi. Injini ikiwaka, pampu inazunguka. Injini ikizima, hakuna presha. Pampu yenyewe haina busara yoyote, inasukuma oili kadiri inavyozungushwa. Anayeipunguza ni vali ya kurekebisha presha, kipande cha chuma mfano wa kidole kinachoteleza ndani ya tundu lake huku springi ikikisukuma upande mmoja. Oili ikizidi, vali inasogea na kuirudisha iliyozidi kwenye tangi la chini.

Sasa vali hiyo inahitaji kuambiwa injini inavuta kwa nguvu kiasi gani. Kwenye Corolla 110 na Hiace za zamani kulikuwa na waya mwembamba unaotoka kwenye kabureta au mdomo wa hewa wa injini hadi ndani ya giaboksi. Ukikanyaga mafuta, waya unavuta na presha inapanda. Waya huu umeua giaboksi nyingi katika mji huu kuliko umri. Fundi wa injini anaufungua ili afanye kazi yake, anaurudisha ukiwa umelegea, gari linaanza kubadilisha gia kwa ulaini wa ajabu, mwenyewe anafurahi, na baada ya miezi michache gia ya tatu imeungua. Ulaini ule ulikuwa ni kuteleza. Nafasi inayotakiwa kati ya kizuizi cha waya na mdomo wa ala yake ni milimita 0 hadi 1, mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho. Milimita moja! Ukiukaza kupita kiasi nao, gia zinachelewa kuingia na kila moja inaingia kwa kofi.

Magari ya baadaye yameuacha waya. Kompyuta inasoma umekanyaga kiasi gani, kisha inatuma umeme kwa solenoidi ya presha, ambayo mafundi wanaijua kwa herufi SLT kwenye Toyota. Solenoidi hiyo ni vali ndogo yenye koili. Umeme ukiongezeka, presha inashuka. Umeme ukipungua, presha inapanda. Wengi wanadhani ni kinyume, ndiyo maana wanapotea wakitafuta kosa.

Na hayo magari yasiyokuwa na kompyuta yalijuaje wakati wa kubadilisha gia?

Kwa presha mbili zinazoshindana. Moja inakua kadiri gari linavyokwenda kasi, nyingine inakua kadiri unavyokanyaga mafuta. Katikati kuna vali. Ya kasi ikishinda, vali inaruka upande wa pili na gia ya juu inaingia. Ndiyo sababu ukikanyaga sana gari linachelewa kupanda gia. General Motors waliileta giaboksi ya namna hii, Hydra-Matic, mwaka 1939 kwenye Oldsmobile za modeli ya 1940, bila hata waya mmoja wa kompyuta. Mimi hadi leo nikifungua valvu bodi ya zamani, yaani kile kibao chenye vali zote, na kuona vile vijia vya oili vilivyopindana kama vichochoro vya Mji wa Kale, huvua kofia.

Gari likibadilisha gia vizuri, ndani kunatokea nini?

Umewahi kuhudumu harusini? Sinia la pilau linatoka jikoni, linapokezanwa mkono kwa mkono hadi kwa wageni. Wewe umelishika, mwenzako ananyoosha mikono. Ukiliachia kabla hajalishika, linaanguka. Akilishika na wewe ukakataa kuachia, mnavutana na pilau inamwagika njiani. Kuna nusu nukta ambapo nyote wawili mmelibeba, uzito unahama taratibu kutoka kwako kwenda kwake, na mgeni haoni kitu.

Giaboksi inapotoka gia ya pili kwenda ya tatu, klachi moja inaachia na nyingine inashika. Ile ya kuachia ikitangulia, injini inabaki haina mzigo na inapaa: unasikia mizunguko inaruka kutoka 2,000 hadi 3,000 kisha gari linashika. Ile ya kushika ikiwahi, giaboksi kwa kitambo imefungwa na gia mbili kwa pamoja, na gari linajikwaa kama lililokanyagwa breki. Kazi yote ya presha ni kupanga makabidhiano hayo.

Kwanza kuna kujaza. Pistoni ikiwa imerudi nyuma, kati yake na sahani kuna nafasi ndogo, mara nyingi milimita moja au mbili. Kompyuta inamwaga oili haraka kuziba nafasi hiyo, muda usiofika robo ya sekunde, kisha inakata ghafla kabla pistoni haijagonga sahani kwa nguvu. Hapo pistoni imezigusa sahani tu. Pili, presha inapandishwa kidogo kidogo, na klachi mpya inaanza kubeba mzigo huku ya zamani ikipunguziwa yake. Tatu, injini yenyewe lazima ishuke mizunguko ili ilingane na gia mpya. Kushuka huko kunaachia nguvu, na nguvu hiyo ndiyo unayoisikia kama mtikisiko. Kwa hiyo kompyuta ya giaboksi inaiomba ya injini ipunguze moto, na ya injini inachelewesha cheche kwa sehemu ndogo ya sekunde. Watu wanashangaa tukiwaambia plagi mbovu zinaweza kuharibu ubadilishaji wa gia. Ni kweli: kama injini inakosa moto, hesabu yote ya presha imejengwa juu ya uongo. Mwisho, klachi ikishashika, presha inapandishwa juu ili isiteleze tena.

Yote haya huchukua kama sekunde moja au pungufu.

Akumuleta ni nini? Fundi mmoja aliniambia springi yake imevunjika.

Ni pistoni ndogo iliyokaa kando ya njia ya oili inayokwenda kwenye klachi, na nyuma yake kuna springi. Oili inapokuja kwa kasi, sehemu yake inaingia kwa akumuleta na kuisukuma ile springi, hivyo presha kwenye klachi inapanda kama mteremko badala ya kupanda kama ukuta. Springi ikivunjika au mpira wake ukikatika, oili yote inaifikia klachi mara moja. Dalili yake ni kofi kwenye gia moja tu, siku zote ile ile, gari likiwa baridi au moto. Fundi wako huenda amesema kweli. Mwambie akuonyeshe vipande.

Asubuhi gari linanipiga kofi ninapotoa P kuingiza R. Mchana halina shida. Kwa nini?

Oili baridi ni nzito. Hata hapa kwetu, ambako asubuhi ya kusi haizidi ubaridi wa kutafuta leso ya kujifunika, oili iliyolala usiku kucha ni nzito kuliko ile ya nyuzi 80. Kompyuta inajua hilo kupitia sensa ya joto la oili na inabadilisha hesabu zake. Sensa hiyo ikidanganya, kompyuta inapanga presha ya oili moto kwa oili baridi.

Lakini kabla ya sensa, angalia mambo mepesi. Injini ikitoka tu kuwashwa inazunguka kwa kasi, 1,300 au 1,500. Ukiingiza gia hapo hapo, lazima ikupige. Subiri ishuke chini ya 1,000. Angalia pia mipira inayoshikilia injini. Nusu ya "makofi" tunayoletewa ni mpira wa injini uliokatika: gia inaingia vizuri, injini nzima ndiyo inayoruka. Fungua boneti, mwambie mtu aingize D na R huku ameshika breki, wewe ukiwa umesimama pembeni, wala si mbele ya gari. Injini ikiinuka kama inataka kutoka, giaboksi haina hatia.

Kuna kipimo chochote ninachoweza kufanya mwenyewe nyumbani?

Kipo, na hakigharimu kitu. Gari likiwa moto, mahali tambarare, kanyaga breki na uvute breki ya mkono. Kutoka N ingiza D, na uhesabu muda hadi usikie gari limeshika. Kwa Toyota nyingi isipite sekunde 1.2. Rudisha N, subiri dakika moja, kisha ingiza R: isipite sekunde 1.5. Rudia mara 3 na upate wastani. Zote mbili zikichelewa, presha ya jumla iko chini, au oili imepungua, au chujio limeziba. Ikichelewa D peke yake, shida iko kwenye klachi ya mbele au njia yake. Ikichelewa R peke yake, shida iko upande wa rivasi.

Kile kipimo kingine cha kukanyaga mafuta hadi mwisho huku breki imeshikwa, tuachie sisi. Hakitakiwi kuzidi sekunde 5, oili ndani ya konvata inachemka upesi sana, na tumewahi kuona gari likiruka mbele na kuingia ukutani.

Taa imewaka, gari limeganda gia moja na kila likiingia linapiga vibaya. Limekufa?

La. Limejikinga. Kumbuka tulisema umeme ukipungua kwenye solenoidi ya presha, presha inapanda. Watengenezaji walipanga hivyo makusudi. Waya ukikatika au kompyuta ikigundua hitilafu, inakata umeme, presha inapanda hadi mwisho na giaboksi inabaki na gia moja au mbili. Gari linakuwa zito na linapiga, lakini klachi haziungui na unafika nyumbani. Endesha polepole, usilikimbize.

Hapo ndipo mashine ya kusoma kodi, zile namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta, inafaa. P0748 au P2716 ni umeme wa solenoidi ya presha. P0750 ni solenoidi ya kubadilishia gia. P0711 ni sensa ya joto la oili. P0868 inasema presha iko chini, na hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi, maana mara nyingi si waya. Kodi inakuambia kompyuta imelalamika juu ya nini, haikuambii kipi ununue. Solenoidi ya SLT kwenye Toyota nyingi huonyesha ukinzani wa umeme wa omu 5 hadi 5.6 ikiwa baridi. Zile za kuwasha na kuzima huwa omu 11 hadi 15. Kipimo cha dakika 5, na fundi anayeuza solenoidi kabla ya kukifanya anacheza kamari na pesa zako.

Kwa magari ya pwani, tunaanza na soketi ya waya inayoingia giaboksi. Hewa ya chumvi inaila. Tumefungua soketi nyingi za magari ya Nyali na Shanzu tukakuta kijani kitupu. Zinasafishwa, zinapakwa grisi ya umeme, na gari linaondoka.

Injini inapaa gia ya 3 inapoingia, kisha inashika. Naweza kuendelea kulitumia?

Unaweza, kama vile unavyoweza kuendelea kutembea na kiatu kinachochubua. Kila kupaa ni sahani zinateleza, na kila kuteleza ni karatasi inapungua. Kompyuta kwa muda itakusaidia: inapima mzunguko wa kuingia na wa kutoka kwenye giaboksi, inaona gia ilichukua muda mrefu kushika, na safari ijayo inaongeza presha kidogo. Inajifunza hivyo hadi ifike mwisho wa uwezo wake. Ndiyo maana watu husema "lilikuwa sawa, limeharibika ghafla jana." Halikuharibika jana. Lilikuwa linaficha kwa mwaka mzima.

Vyanzo vya kupaa tunavyovikuta: oili pungufu, chujio lililoziba (husikika pampu ikilia kama mbu), mipira ya pistoni iliyokauka, na tundu za vali kwenye valvu bodi zilizolika. Valvu bodi ni ya aluminiamu, vali zinasuguana nayo maelfu ya mara, na nafasi ikiongezeka kwa unene wa unywele oili inavuja ndani kwa ndani. Nje huoni tone.

Oili ipi nitie?

Ile iliyoandikwa kwenye dipstiki (kijiti cha kupimia oili) au kitabu cha gari lako. Nimejibu swali hili mara nyingi hadi nimechoka, kwa hiyo nitaeleza sababu mara moja. Oili ya giaboksi haisukumi pistoni tu, inaamua pia sahani zitashikana kwa ukali gani. Oili ya T-IV na ya WS, zote za Toyota, hazina uzito sawa, na kompyuta ya gari lako imepangiwa moja tu. Usizichanganye. Kwa Nissan, Matic S si Matic D. Oili ya Dexron ya zamani kwenye Honda inaweza kuleta mtetemo.

Miaka ya nyuma mimi mwenyewe nilitia oili nyekundu ya dumu, "inaingia auto zote," kwenye gari la mzee mmoja wa Tudor. Wiki ya pili likaanza kutetemeka likiwa kilomita 60 kwa saa, kama linapita juu ya mabati. Nilimwaga oili mara 3 kwa gharama yangu. Mzee hakunigombeza, alikuja kila mara na kahawa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Oili yangu imekuwa rangi ya waridi kama maziwa ya sharubati. Ni nini?

Maji. Zima gari, usiliwashe tena.

Kwenye magari mengi oili ya giaboksi inapozwa ndani ya rediata, kwenye bomba lililozungukwa na maji ya injini. Bomba likitoboka, viwili vinachanganyika. Na huku kwetu linatoboka mapema kwa sababu watu wanajaza rediata maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya kisiwani na Kisauni yana chumvi, unayajua ukiyaonja, au ukiyafulia na sabuni ikakataa kutoa povu. Yanakula chuma polepole. Maji yakiingia kwenye giaboksi, karatasi ya msuguano inalowa na gundi yake inaachia, sahani zinabaki chuma kwa chuma. Dumu la kulenti, maji maalum ya rediata, linagharimu kidogo sana ukilinganisha na hilo. Ukikosa kabisa, tumia maji ya kuchemshwa na kukusanywa mvuke yanayouzwa ya betri, lakini si ya kisima, tafadhali.

Niliambiwa giaboksi yenye kilomita nyingi nisibadilishe oili, nitaiua.

Kuna ukweli mdogo ndani ya uongo mkubwa. Giaboksi ambayo sahani zake zimeisha wakati mwingine inashikilia kwa msaada wa unga wa msuguano unaoelea kwenye oili chafu. Ukiweka oili safi, inateleza, na oili inalaumiwa kwa maiti iliyoikuta. Kama gari linabadilisha gia vizuri na oili ni nyeusi kidogo bila harufu ya kuungua, badilisha. Sisi hatusukumi oili yote itoke kwa mashine. Tunamwaga, tunaondoa sampu (lile tangi la chini), tunasafisha sumaku, tunaweka chujio jipya. Ukimwaga kwa kawaida inatoka nusu tu au chini ya hapo, lita 3 hivi kati ya 6 au 7, maana nyingine imebaki ndani ya konvata. Endesha wiki moja au mbili, urudie.

Kupima kiwango: kwa gari lenye dipstiki, oili iwe moto, injini iwake, umepitisha mkono kwenye gia zote na kurudi P. Kwa zile zisizo na dipstiki, kuna skrubu ya kufurikia, inayotoa oili iliyozidi, na kwenye Toyota nyingi oili iwe kati ya nyuzi 36 na 46 unapoifungua. Siku za jua la kaskazi saa 8 mchana, gari lililoegeshwa juani linaweza kufika hapo kabla hujaliwasha. Njoo asubuhi.

Foleni ya feri Likoni inaharibu giaboksi?

Foleni peke yake haiharibu, joto ndilo linaloharibu. Gari likisimama na D imeingia, konvata inakoroga oili bila gari kwenda, na nguvu hiyo yote inakuwa joto, huku hakuna upepo wa kupoza rediata. Kama mtasimama dakika nyingi, weka P na uvute breki ya mkono. Kwa kusimama kwa sekunde chache pale Makupa, acha D. Kuingiza na kutoa gia kila mita 5 kunaitesa klachi kuliko joto. Kwa wanaobeba mizigo hadi Voi na kuendelea, kipozeo cha ziada mbele ya rediata ni pesa iliyotumika vizuri.

Kwenye mteremko wa Mazeras naweka N kuokoa mafuta. Kuna ubaya?

Kuna ubaya wa breki kwanza, na malori yaliyo mbele yako unayajua. Kwa giaboksi, injini inashuka hadi mizunguko 700 huku magurudumu yanazungusha gia kwa kasi ya kilomita 80. Pampu inafuata injini, haifuati magurudumu, kwa hiyo oili ya kulainisha inapungua wakati inapohitajika zaidi. Halafu ukirudisha D kwa kasi hiyo, klachi inashika kitu kinachozunguka kwa kasi tofauti kabisa. Na mafuta huokoi: gari la kisasa likiwa kwenye D na mguu umetoka, linakata mafuta lenyewe.

Kwa nini auto haiwaki kwa kusukumwa?

Kwa sababu injini imezima, pampu haizunguki, hakuna presha, hakuna klachi iliyoshika, na hakuna njia ya kuipelekea injini nguvu ya magurudumu. Mnaweza kulisukuma kutoka Buxton hadi Bamburi. Sababu hiyo hiyo inakataza kulivuta kwa kamba masafa marefu magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini: gia zinazunguka kavu. Liite la kubeba.

Nimetoa gari bandarini juzi, gia zinaingia ovyo ovyo. Nimeuziwa bovu?

Huenda si bovu. Betri ilitolewa au ilikufa njiani, na kompyuta imesahau presha iliyojifunza. Endesha siku kadhaa kwa mguu mwepesi, mjini na barabara kuu, liache lipande gia zote polepole. Likiendelea, kuna utaratibu wa kulifunza upya kwa mashine. Lakini pima oili kabla ya yote. Kuna magari yanayofika yakiwa na oili ambayo hakuna ajuaye ilitiwa lini.

Langu ni CVT. Haya yote yananihusu?

Kwa kiasi. Axio na Fielder nyingi za kuanzia 2012 ni CVT, hazina klachi za gia 4. Zina mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na presha ndiyo inayoubana mkanda. Presha ya kubana iko juu zaidi ya hizi tulizozieleza, na mkanda ukiteleza mara moja unakwaruza puli milele. Oili yake ni ya peke yake, FE kwa Toyota nyingi, NS-3 kwa Nissan nyingi za karibuni. Ukitia ya auto ya kawaida, hatuna dawa.

Fundi amesema nibadilishe giaboksi nzima. Nifanyeje?

Muulize maswali mawili: "Presha ilikuwa ngapi?" na "Kwenye sampu umekuta nini?" Kama presha ya D na R iko sawa na gia moja tu ndiyo mbaya, mara nyingi ni solenoidi, akumuleta au vali moja. Kama presha iko chini kila mahali na oili imeungua, na kwenye sampu kuna unga mweusi mzito na vipande vya chuma, basi sawa, anasema kweli. Ukungu wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida.

Na ile ya mtumba utakayonunua, nayo haijapimwa na mtu. Itafungwa kwenye rediata ile ile, yenye maji yale yale.

Nilete gari likiwa baridi au moto?

Baridi. Lilaze kwetu usiku mmoja, au ulilete kabla ya saa 2 bila kulizungusha. Gia ya kwanza ya asubuhi tunataka kuisikia sisi wenyewe.